Mwalimu Bloku na Aliyeingia Mwisho

Mama yake marehemu alikuwa anakamua shuka kwenye ua wa kufulia nguo za hospitali, asubuhi ya tarehe 9 Agosti 1951, alipoletewa habari kwamba mumewe, fundi seremala, ameanguka kutoka juu ya paa alilokuwa analipigilia, na kwamba hakuna anayejua kama amevunjika mguu au shingo. Aliliacha shuka likining'inia nusu limekamuliwa, akatoka mbio na tumbo lake la miezi tisa, na hakufika alikokuwa anakwenda, kwani uchungu ulimshika getini, akarudishwa ndani ya hospitali ileile kama mgonjwa badala ya mfuaji, na kabla ya jua la utosini marehemu akawa amezaliwa, mtoto wa kwanza na wa pekee wa wazazi wake. Seremala alikuwa amevunjika mguu. Mume na mke walilazwa jengo moja, wodi mbili tofauti, na wauguzi wakawa wanambeba mtoto kutoka kwa huyu kumpeleka kwa yule, kila mmoja akitaka kuona kwa macho yake kwamba wote watatu wapo. Marehemu alipenda kusema kwamba alihesabiwa kabla hajapewa jina.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958, akaendelea na sekondari ya wasichana mwaka 1966, na huko ndiko alikokutana na jedwali la elementi, limebandikwa ukutani kwa gundi ya unga, panya wamekula pembe moja. Aliuliza kwa nini jedwali lina umbo la kitana kilichovunjika meno ya katikati, na kwa nini mistari miwili imewekwa chini peke yake kama wageni waliokosa kiti, akaambiwa akariri, asiulize. Alikariri, akafaulu, na swali lake akaondoka nalo mpaka chuo cha ualimu, alikoingia mwaka 1970, na huko mkufunzi mmoja akamjibu kwa kumchorea nyumba.

Kwa wale ambao hawakupitia mikononi mwake, na kwa ninavyouona umati huu ni wachache, nyumba yenyewe ni hii. Kila elementi ina elektroni, vijichembe vinavyozunguka kiini, na elektroni hizo huingia moja baada ya nyingine na kujaza vyumba kwa utaratibu, chumba cha s kina kitanda kimoja, cha p kina vitatu, cha d vitano, cha f saba, na kila kitanda hulaza wawili tu, hata wabembelezwe vipi. Ukitaka kujua elementi ni ya bloku gani, huangalii aliyetangulia kuingia, unaangalia aliyeingia mwisho ameishia chumba gani, huyo ndiye anayeipa elementi mahali pake. Ambazo wa mwisho wao ameishia s zinakaa kushoto, zimo sodiamu na potasiamu, zenye ugomvi na maji, za p zinakaa kulia, na kaboni na oksijeni, za d zinakaa katikati, na chuma, shaba na dhahabu. Za f mahali pake halisi ni ndani, baada ya s na kabla ya d, ila zikiingizwa hapo jedwali linakuwa refu kuliko karatasi, kwa hiyo wachapaji huzikata na kuziweka chini. Ni shida ya karatasi. Sentensi hiyo marehemu aliisema darasani kila mwaka kwa miaka thelathini na minane, na kuna watu wazima hapa wenye mvi wanaoweza kuisema pamoja naye.

Aliajiriwa Januari 1973 katika sekondari iliyo nyuma ya mashine ya kusaga, akafundisha hapohapo mpaka alipostaafu, na wanafunzi wakampa jina la Mwalimu Bloku, jina alilojifanya halijui mpaka siku ya kuagwa kwake kazini. Maabara aliyoikuta ilikuwa na bomba moja linalovuja na stoo iliyokuwa zamani ujia, nyembamba na ndefu kama bomba lenyewe. Alimwita baba yake, seremala, akampigia rafu ukuta mzima, na marehemu akazipanga chumvi za metali kwa bloku, s mlangoni, mbali na maji, kisha f, kisha d, kisha p, mstari mmoja usiokatika. Asidi na sumu alizifungia kwenye kabati la chuma mwisho wa chumba, na ufunguo wa kabati na ufunguo wa stoo akazitia kwenye pete moja, pete akaitundika kwenye msumari jikoni kwake, kwa sababu ofisi ya shule ilikuwa na mazoea ya kupoteza funguo.

Mwaka wake wa pili kazini aliomba jedwali lichorwe kwenye ukuta wa darasa, shule ikamleta mchoraji wa mabango, ambaye siku zote alikuwa akichora majina ya maduka na picha za kuku. Ukuta ulikuwa mfupi. Alipofika chini na kuiona ile mistari miwili haina kichwa, na mwalimu hayupo wa kumuuliza, aliona aibu kuiacha bila maelezo, akaichorea kichwa cha habari kwa herufi kubwa nyekundu, ZILIZOBAKI. Marehemu alicheka mpaka akakaa chini, akaomba lifutwe, akaambiwa rangi imekwisha na bajeti imekwisha, na neno likabaki. Kila mwaka alilifafanua, kila mwaka darasa lilicheka, na likazoeleka kama ufa wa dari.

Alifunga ndoa tarehe 12 Aprili 1975 na fundi umeme aliyekuja kutengeneza nyaya za maabara hiyo, akapigwa shoti mbele ya kidato cha tatu chote, akaona njia pekee ya kuondoa aibu ni kurudi kesho yake akiwa amevaa shati la pasi. Zawadi ya harusi ya seremala kwa bintiye ilikuwa meza ya kulia chakula, mbao nzito, miguu ya kuchongwa, watu sita kwa kubanana kidogo. Baada ya mama yake marehemu kufariki, seremala alihamia kwa bintiye na mguu wake mbovu na sanduku lake la vifaa, akachukua kiti cha sita.

Watoto wa marehemu ni wanne, na kwa agizo lake mwenyewe wanatajwa kuanzia aliyeingia mwisho. Wa nne ni fundi wa kuchomelea vyuma, yule mliyemwona asubuhi akikaza turubai hili lisichukuliwe na upepo, wa tatu ni fundi umeme kama baba yake, wa pili ni dereva wa malori, ambaye mama yake alimwita Heli, kwa sababu heli kwa elektroni zake ni ya bloku ya kushoto lakini inashinda kulia kwa wengine, na huyu naye alikuwa wa nyumba hii lakini akishinda kwa majirani, na wa kwanza ni binti mkubwa, mpokeaji wagonjwa kwenye zahanati na mama wa watoto watano. Agizo la kuanzia mwisho lina sababu, na familia imeona isomwe, kwa kuwa jana hapa nyumbani palikuwa na maneno juu yake.

Februari 1988 fundi umeme, mume wa marehemu, alirudi kutoka kwenye kazi ya mbali, mkono mmoja begi la vifaa, mkono wa pili mtoto wa kike. Mtoto alikuwa amezaliwa Novemba 1980, na mwana wa tatu wa nyumba hii alizaliwa Machi ya mwaka huohuo, na marehemu, ambaye hesabu hazikuwahi kumpiga chenga, aliipiga hiyo palepale mlangoni bila kutoa sauti. Mama wa mtoto alikuwa amefariki, ndugu wa upande huo walikuwa wameshindwa. Marehemu hakulia mbele ya mtu, alimwambia mtoto anawe mikono, akampakulia. Mumewe ndiye aliyelipa, kwani kwa miezi kadhaa alizungumzishwa kupitia watoto, mwambieni baba yenu taa ya jikoni imeungua, mwambieni baba yenu mkewe anauliza kama atakula, naye amekaa kiti cha pili anasikia kila neno.

Meza ilikuwa imejaa, marehemu, mumewe, babu seremala na watoto watatu. Mtoto aliwekwa kwenye kimeza cha kupigia pasi chini ya dirisha, juu ya kigoda, ikasemwa ni kwa wiki moja mpaka litafutwe lingine. Ikawa miaka saba. Hakunyimwa kitu, alikula walichokula wenzake, alivaa walichovaa, alisomeshwa shule waliyosoma, ila alikula akiwa chini kuliko wote, akitazama magoti ya watu. Marehemu alikuwa na desturi ya kuita majina kabla ya chakula kama anavyoita darasani, kila aliyetajwa aseme nipo, akaanza na wa kwanza, akashuka, na alipofika kwa yule wa kwenye kimeza wengine walikuwa wameshatia mikono. Shangazi wa watoto, dada yake fundi umeme, ndiye aliyempa mtoto jina la Wa Mwisho, akimwambia kaka yake kwamba huyu na awe wa mwisho kweli, asituletee mwingine, watu wakacheka, jina likaganda.

Mwaka 1995 Wa Mwisho aliingia kidato cha pili, darasa la marehemu mwenyewe, mbele ya ukuta ule. Shuleni alimwita mwalimu, kama wengine, na nyumbani hakumwita chochote, alizunguka mpaka akaonana naye uso kwa uso ndipo aseme. Heli, ambaye mdomo wake haukuwa na kufuli, alikuwa amesimulia habari za kimeza huko anakoshinda, na wanafunzi wakaunganisha moja na moja, wakaacha kumwita Wa Mwisho, wakaanza kumwita Zilizobaki. Marehemu hakujua. Ijumaa moja ya mwezi Juni shangazi alikuja kulala, Heli akamwachia kiti chake na kwenda kula kwa jirani, na shangazi alipogeuka na kumwona mtoto pale chini alisema kwa sauti ya mzaha, "Kumbe huyu ndiye mliyemweka na zilizobaki," kwani utani huo ulishamfikia. Marehemu alikuwa mlangoni na sufuria. Alisikia, akamwona mtoto akiacha kutafuna, na hakusema neno, akapakua. Miaka mingi baadaye alimweleza binti mkubwa kwamba alikuwa amesimama darasani tangu asubuhi na miguu ilikuwa inamwaka moto, na kwamba hiyo haikuwa sababu ya kutosha.

Kesho yake, Jumamosi, marehemu alikuwa uani anafua sare za shule, povu mpaka kwenye viwiko, mlinzi wa shule alipoingia bila hodi, kofia mkononi, akamwambia kwamba ukuta wa darasa umekwanguliwa, na aliyefanya hivyo ameonekana akiingia na begi mgongoni. Marehemu alimwita Wa Mwisho. Hakuitikia mtu. Aliingia jikoni kukausha mikono, akainua macho kwenye msumari, na pete ya funguo haikuwepo.

Waliokuwepo wanasema uso wake ulibadilika rangi. Alijua kila chupa iliyo ndani ya lile kabati la chuma, alizijua kwa majina na kwa kazi zake, ipi inaunguza, ipi haiunguzi lakini humlaza mtu asiamke, na kwa mara ya kwanza maishani elimu yake ilimtesa. Aliiacha sare kwenye karai, akatoka kama alivyokuwa, kanga imelowa, na mguu mmoja bila kandambili. Binti mkubwa alitumwa stendi ya mabasi kuangalia magari yanayoondoka. Babu aliambiwa asitoke, mtoto akirudi akute mtu. Mumewe alikuwa juu ya ngazi kwa jirani wa tatu anavuta waya, na marehemu alipofika chini yake alimwambia, "Shuka. Mtoto hayupo," akapita bila kusubiri, naye akashuka, akaiacha ngazi imesimama na waya unaning'inia, na jirani yule yuko hapa, anakumbuka kwamba walikaa gizani mpaka Jumatatu. Marehemu alipita kwenye mashine ya kusaga, akapita kwa mshona viatu aliyemsalimia kila siku ya Mungu, na hakuitikia, jambo lililomfanya mshona viatu aache kiatu na kumfuata kwa macho.

Darasani alikuta vumbi la plasta sakafuni na kisu cha jikoni kwake, ncha imepinda. Mistari miwili ya chini ilikuwa imekwanguliwa yote, kisanduku kwa kisanduku, bila pupa, kwa mkono wa mtu aliyekuwa na muda. Neno lile jekundu halikuguswa. Lilikuwa peke yake juu ya ukuta mtupu.

Mumewe alimkuta amesimama pale, akataka kusema kitu, marehemu akamwinulia kiganja. Alimwambia akae nje ya mlango wa maabara, asiite, asikimbie, kwani mtu akishtuka akiwa na chupa mkononi huimwaga, na kama ameshaifungua basi kumshtua ni kumwua. Akaingia peke yake. Mlango wa stoo ulikuwa umeegeshwa. Alisimama hapo, naye aliyefundisha mamia ya watu kufungua mlango huo alishindwa kuusukuma, mpaka alipousikia ndani mlio mdogo wa kioo kugusa ubao, ndipo akausukuma kwa bega.

Jicho lake la kwanza lilikwenda kwenye kabati la chuma. Kufuli lilikuwa mahali pake. Jicho la pili likamkuta mtoto amekaa sakafuni katikati ya ujia, begi ubavuni, chupa ndogo mapajani.

"Umeifungua?"

"Hapana, mwalimu."

"Nipe mikono."

Aliinusa mikono yote miwili, akaigeuza, akaangalia chini ya kucha, akaangalia midomo, akaichukua chupa na kukikagua kizibo. Ilikuwa chumvi ya seri, unga wa manjano, chupa pekee ya bloku ya f ambayo shule ile iliwahi kumiliki, na kizibo kilikuwa na nta yake ya kiwandani. Hapo ndipo alipokaa sakafuni naye, karibu na mtoto, mgongo kwenye rafu.

Wa Mwisho hakuwa analia. Alisema alikuwa anaelekea stendi, kisha akaona kabla ya kuondoka aje kuangalia kama hizi zilizobaki zipo kweli, au ni za kuchorwa tu ukutani. Alizitafuta chini, akapekua rafu ya chini yote, maboksi yote, hakuna. Alipokata tamaa na kuinua kichwa aliiona hapo juu.

"Mbona huku imewekwa katikati?" aliuliza. "Kati ya bariamu na kromi. Huku hakuna chini."

"Huku rafu inatosha."

"Na nyumbani?"

Nje mumewe alikuwa anasikika akihema.

"Nyumbani meza ni ndogo."

"Kwa hiyo ni meza."

"Ni meza," marehemu alisema. "Na ni mimi niliyeiacha ikawa ndogo."

Hakumwomba mtoto arudi, alimwambia tu kwamba ile cheche inayoruka kwenye kiberiti cha gesi cha babu yake, anachowashia sigara akidhani hakuna anayemwona, inatoka kwenye jiwe lililochanganywa na seri, na kwamba akitaka kuhakikisha, kiberiti kiko mfukoni mwa babu jioni hii. Kisha akairudisha chupa mahali pake, akafunga stoo, akampa mtoto pete ya funguo aibebe. Walirudi watatu, bila kuongozana sana, fundi umeme nyuma na begi la mtoto, na marehemu alipopita kwa mshona viatu alimsalimia.

Binti mkubwa alikuwa amerudi kutoka stendi mikono mitupu, akawakuta wanaingia. Chakula kilikuwa kwenye jiko, shangazi alikuwa sebuleni, na marehemu hakubadilisha hata kanga, alikwenda moja kwa moja kwa baba yake.

"Baba, leta msumeno."

"Wa nini?"

"Wa meza."

Seremala alimtazama, akaitazama meza. "Meza hii niliitengeneza kwa mikono yangu," alisema.

"Ndiyo maana nimekuita wewe."

Ilikatwa jioni hiyohiyo, katikati, kwa upana, mzee anasukuma msumeno na fundi umeme ameshikilia, na unga wa mbao ukimwagika juu ya sakafu iliyokuwa imepigwa deki asubuhi. Shangazi aliinuka kwenye kiti chake, akauliza kama kweli wanaikata meza ya harusi kwa ajili ya huyu, na marehemu akamjibu, "Wifi, sogeza kiti, utaangukiwa." Nusu mbili zikavutwa, pakabaki pengo, na babu akatoa ubao aliokuwa ameuandaa kwa kabati la mteja, ubao mwekundu, meza yenyewe ni ya rangi ya chai ya maziwa, akaupigilia katikati, akaupa miguu miwili ya kiti kibovu. Mteja yule alipokea kabati lenye rafu pungufu na hakuwahi kuelezwa kwa nini. Kazi haikuwa nzuri, babu mwenyewe alisema ingekuwa ya mwanafunzi wake angempiga kofi, na mpaka leo sahani ikiwekwa kwenye mshono huinama upande mmoja.

Kimeza kikarudi kwenye kazi yake ya pasi. Wa Mwisho alikaa penye ubao mwekundu, Heli akaletwa kutoka kwa jirani kwa kuvutwa mkono, chakula kikapakuliwa kikiwa kimepoa, na marehemu, kabla hajaketi, akaanza kuita, na jioni hiyo akaanzia kwa aliyeingia mwisho. Mtoto hakuwa amezoea kuitwa mikono ya wenzake ikiwa bado mitupu.

"Nipo," alisema.

Akapanda kwa wa tatu, kwa wa pili, kwa wa kwanza, kwa babu, kwa mumewe, kwa wifi yake, wote wakaitikia, shangazi akaitikia akitazama ukuta, wakala. Tangu jioni hiyo mpango wa kuita haukubadilika. Mchoraji wa mabango aliitwa wiki iliyofuata, akalipaka chokaa neno lake, akalichora jedwali upya kwenye ukuta mrefu wa nje wa maabara, mistari yote imeingizwa ndani mahali pake, na marehemu alimlipa kwa mshahara wake, akasimama nyuma yake tangu kisanduku cha kwanza mpaka cha mwisho asije akaongeza kichwa cha habari. Ukuta huo upo, na mchoraji yupo hapa, ndiye aliyeandika bango la msiba huu, na safari hii aliuliza kwanza.

Babu seremala alifariki mwaka 1999, fundi umeme mwaka 2009, wote wawili wakiwa mikononi mwa marehemu. Alistaafu Desemba 2010, akaendelea kufundisha watoto wa mtaa barazani bila malipo, ingawa alichagua mno na mvivu alimrudisha kwao. Mwaka 2019 figo zake zilianza kushindwa, akawa anakwenda kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, akipelekwa na Wa Mwisho kwenye gari lake la kazi, katikati ya mitungi ya gesi na vyuma. Daktari alipomwambia kwamba shida kubwa ni potasiamu, imepanda kwenye damu, alicheka, akasema ameifungia potasiamu kwenye mafuta miaka yote, asiiache iguse maji, sasa imeamua kulipiza kisasi. Alifuata masharti kuliko wagonjwa wote wa wodi ile na kuwasimamia wenzake nao. Tarehe 3 mwezi huu, alfajiri, aliwaita watoto kwa mpango wake, wanne waliokuwa wamemzunguka kitandani, kila mmoja akaitikia, na baada ya wa kwanza kuitikia hakusema tena.

Jana alasiri wazee wa ukoo walikaa sebuleni, na ikaulizwa kama leo wasomwe watoto watatu au wanne, kwa kuwa damu ni damu. Wa Mwisho alitaka kuinuka atoke, binti mkubwa akamshika kanga akamkalisha. Shangazi, ambaye ndiye mkubwa wa familia aliyebaki, alikuwa amekaa kwenye meza, mbele yake sahani imeinama kwenye mshono, na baada ya kuizungusha mara kadhaa alisema, "Someni kama alivyosema mwenyewe. Mimi nitakaa nisikilize." Yuko hapa, mstari wa mbele, anasikiliza, na familia inamshukuru.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, waliovumilia kusahihishwa na mgonjwa, walimu aliofanya nao kazi, wanafunzi wake wa miaka yote waliochimba kaburi kwa zamu, na majirani waliotoa viti, masufuria na maji ya kisima chao, tunaomba kila sufuria lirudi kwa mwenyewe, yamewekwa alama ya rangi chini. Tunamshukuru mlinzi wa shule aliyeingia bila hodi Jumamosi ile, pamoja na jirani aliyekaa gizani.

Tukitoka makaburini chakula cha jioni kitapakuliwa nyumbani, wa ukoo mezani na wengine wote uani, na hakuna atakayetia mkono kabla ya kuitwa. Binti mkubwa ataita. Ataanzia penye ubao mwekundu, atapanda mpaka juu, atafika kwenye kiti cha mwenye nyumba, na hapo shangazi ameomba akae yeye, aitikie, ili kusiwe na pengo.

Lala sasa, Mwalimu. Chakula kipo mezani, na tumehesabu kwa mpango wako, wote tupo.